Damu Inayotoka, Damu Inayoganda: Kiharusi cha Mwanamke wa Miaka 28 Mwenye Adenomiosisi

Siku ya tatu ya hedhi, kabla ya adhana ya alfajiri, mwanamke wa miaka 28 anayeuza samaki wakavu sokoni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alitaka kumwamsha mama yake waliyelala chumba kimoja. Sauti ilitoka bila maneno. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umevutwa upande. Mama alidhani ni malaria iliyopanda kichwani, dhana ambayo mtu yeyote wa eneo hilo la West Nile angeanza nayo. Bodaboda ikawafikisha kliniki ya jirani: kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, sukari ilikuwa 5.6. Walipofika hospitali ya rufaa ilikuwa saa sita mchana.

Kisa hiki kimeundwa kwa kufundishia. Hakuna mgonjwa mmoja halisi nyuma yake, ila dalili, vipimo na maamuzi yake yamefuata jinsi tatizo hili linavyojulikana kitabibu, na jinsi huduma zinavyopatikana nje ya Kampala.

Neno lililofungua kisa lilitoka kwa mama, wakati muuguzi akibadilisha shuka: "Sista, usishangae. Mwanangu hivi ndivyo anavyokuwa kila mwezi, damu inamwisha." Maneno kama hayo husikika wodini kila siku, na mara nyingi huishia hewani. Safari hii daktari wa zamu aliyaandika juu ya faili, na tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi kando yake. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayeletwa na kiharusi angestahili mstari huo kwenye faili lake, kama vile presha na sukari zinavyoandikwa bila kuulizwa.

Historia, ilipochimbwa, ilikuwa ndefu. Maumivu makali ya hedhi tangu miaka 15. Alijifungua mara moja, kwa njia ya kawaida, akiwa na miaka 22, na baada ya hapo hedhi ikawa nzito zaidi: siku nane hadi tisa, siku ya pili na ya tatu akibadilisha pedi kila saa moja na nusu huku ameweka kitambaa chini yake, na mabonge ya ukubwa wa limau. Kwa miaka sita alitibiwa malaria, taifodi na vidonda vya tumbo. Alipewa vidonge vya madini ya chuma vya mwezi mmoja, vikaisha, hakuna aliyemwambia arudi. Mwaka mmoja nyuma alipigwa ultrasaundi, jibu likaja "fibroidi ya sentimita 5, ukuta wa nyuma", yaani uvimbe kwenye misuli ya mji wa mimba.

Halafu kuna mambo mawili ambayo yangepita kirahisi. Miezi miwili kabla, akiwa hedhini, mkono wa kushoto ulikufa ganzi kwa kama dakika 20 akiwa anapima samaki, kisha ukarudi. Aliambiwa ni uchovu. Na wiki sita kabla alianzishiwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, ili kupunguza damu. Damu ilipoendelea, jana yake aliongezewa traneksamiki asidi, dawa ya kukatisha damu, gramu 1 mara tatu kwa siku.

Kila dawa kati ya hizo mbili ni sahihi kwa wanawake wengi wenye hedhi nzito. Hatusemi ndizo zilizoleta kiharusi, maana kinajulikana kutokea kwa wenye adenomiosisi (utando wa ndani wa mji wa mimba kuota katikati ya misuli yake) ambao hawakumeza chochote. Lakini kwa mwanamke ambaye damu yake tayari imeelekea kuganda ndani ya mishipa, estrojeni husukuma upande huo huo, na traneksamiki asidi huzuia mwili usiyeyushe bonge lililokwisha kujengeka. Ule mkono uliokufa ganzi miezi miwili nyuma, ishara ya kiharusi cha muda mfupi, ulitosha kuzuia zote mbili.

Saa za kwanza

Saa ya kiharusi huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, wala si tangu alipoamka. Yeye alilala salama saa nne usiku, kwa hiyo alipofika zilikuwa zimepita saa 14. Dirisha la saa 4.5 la dawa ya kuyeyusha bonge lilishafungwa. Presha ilikuwa 118/70, mapigo 124 kwa dakika, oksijeni asilimia 97, joto 37.2. Viganja na kope za ndani vilikuwa vyeupe kama karatasi. Upande wa kulia ulikuwa dhaifu, mkono kuliko mguu. Alielewa anachoambiwa ila maneno hayakutoka. Kabla ya kupewa chochote mdomoni alijaribiwa kumeza: kijiko kimoja kimoja cha maji, kisha mililita 50, mgonjwa ameketi wima, huku wakisikiliza kikohozi na sauti kubadilika. Alimeza vizuri.

Himoglobini ilikuwa 4.8 g/dL. Ukubwa wa chembe nyekundu ulikuwa 61, chini sana ya kawaida, dalili ya upungufu wa chuma wa miaka mingi. Chembe sahani, zile zinazoshiriki kugandisha damu, zilikuwa 138, na hapa ndipo msomaji mzoefu anapaswa kusimama. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa chuma na anayevuja damu mara nyingi huwa na chembe sahani nyingi, 400 au 500. Maabara ikiandika 138, hata kama haijatia alama nyekundu, kwa mgonjwa huyu ni namba ndogo. Kuna mahali zinatumika. D-dima, kipimo cha mabaki ya mabonge yanayoyeyuka, ilithibitisha: 6.4 mikrogramu kwa mililita, wakati kikomo cha kawaida ni 0.5. Muda wa kuganda ulikuwa umerefuka kidogo tu. Picha nzima ilikuwa ya damu inayoganda na kuyeyuka ndani ya mishipa kwa kiwango ambacho mwili bado unakimudu kwa shida.

CT skani ya kichwa bila dawa ya rangi ilionyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Kulikuwa na eneo lililokufa upande wa kushoto, katika milki ya ateri ya kati ya ubongo, na doa jingine dogo kwenye ubongo mdogo, upande wa kulia. Madoa mawili katika milki mbili tofauti hayatokani na mshipa mmoja ulioziba. Ama kuna kitu kinachorusha mabonge kutoka moyoni, ama damu yenyewe ndiyo mgonjwa.

Katika Uganda orodha ya vitu vinavyoweza kuleta kiharusi kwa kijana ni ndefu na haina budi kupitiwa, kwa sababu vingi ni vya kawaida kuliko adenomiosisi. VVU: hasi. Kaswende: hasi. Selimundu: hasi. Kipimo cha ujauzito: hasi, na hicho hakirukwi hata mgonjwa akiwa hedhini. Moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni ndio mshukiwa mkuu anayefuata. Eko ya moyo kupitia kifuani ilionyesha valvu zisizonenepa, hakuna iliyobana, hakuna bonge. Damu ya kuotesha ilichukuliwa mara tatu kutoka sehemu tatu kabla ya antibayotiki, haikuota kitu. Lakini eko safi ya kifuani haimalizi shauri: vijiuvimbe vya chini ya milimita 5 kwenye valvu, vile visivyo na vijidudu ambavyo damu yenye tabia ya kuganda hujenga, hupotea kirahisi katika picha hiyo. Eko inayopita kwenye umio huviona vizuri zaidi; kwa mgonjwa wa Arua ilikuwa na maana ya safari ya karibu kilomita 500 hadi Kampala, na jibu lake halingebadilisha tiba ya wiki ile.

Kitu kimoja hakikuweza kusubiri: mishipa ya vena ya ubongo. Mwanamke kijana, damu pungufu, vidonge vya estrojeni, hayo matatu yakikutana ni mazingira ya bonge kwenye vena kubwa za kichwa, na ugonjwa huo huweza kuonekana kama kiharusi cha kawaida. Kreatinini, kipimo cha figo, ilipimwa, ikawa salama, CT ikarudiwa kwa dawa ya rangi ikitazama vena. Zilikuwa wazi.

Tumbo

Mkono wa daktari juu ya kinena ulikutana na mji wa mimba wa ukubwa wa mimba ya wiki 14, mgumu, wa mviringo, unaouma ukibonyezwa. Fibroidi kwa kawaida hufanya vinundu na haiumi hivyo. Ultrasaundi ilirudiwa, sasa kupitia ukeni, kibofu kikiwa kitupu, na mpigaji akiwa ameambiwa anachotafuta. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko bei ya mashine.

Mji wa mimba ulikuwa na urefu wa sentimita 14. Ukuta wa mbele ulikuwa sentimita 1.9, wa nyuma 5.1. Ndani ya ukuta wa nyuma kulikuwa na vifuko vidogo vyeusi vya milimita 2 hadi 6, mistari ya kivuli iliyotawanyika kama upepeo uliofunguliwa, na mpaka kati ya utando wa ndani na misuli ulikuwa umefutika. Rangi za mtiririko wa damu zilipowashwa, mishipa ilionekana ikikata moja kwa moja katikati ya ukuta ule. Fibroidi ina ukingo, na mishipa huizunguka kama uzio. Adenomiosisi haina ukingo, mishipa hupita ndani yake. Kipimo hicho kimoja cha mishipa kingeweza kusahihisha jibu la mwaka uliopita, na kosa la jibu lile lina matokeo: daktari wa upasuaji anayeingia kung'oa fibroidi akakutana na adenomiosisi hapati tabaka la kuchambulia, anakata misuli yenye damu nyingi bila kujua aishie wapi.

Adenomiosisi ni tezi na tishu za utando wa ndani zilizojipandikiza katikati ya misuli ya mji wa mimba. Kila mwezi tezi hizo huitikia homoni kama utando wenyewe, zikavimba na kuvuja, ila damu yake haina mlango. Kwa miongo mingi ugonjwa ulithibitishwa baada ya mji wa mimba kutolewa na kuchunguzwa maabara, na wengi wanaotolewa ni wanawake wa miaka 40 na kuendelea. Ndipo ikajengeka imani kwamba ni ugonjwa wa umri huo. Imani hiyo bado inawaumiza mabinti. Kuna hata aina inayowapata wasichana walio chini ya miaka 30, kifuko kimoja chenye damu cha sentimita 1 au zaidi ndani ya misuli, kisichoungana na uwazi wa mji wa mimba, kinacholeta maumivu ambayo dawa za kawaida haziyashiki. Binti ambaye hajawahi kujamiiana hapimwi kupitia ukeni. Apimwe juu ya tumbo kibofu kikiwa kimejaa, au kwa MRI pale inapofikika. Kwenye MRI tabaka la mpakani la milimita 12 au zaidi ndilo linalotiliwa shaka.

CA-125 ya mgonjwa wetu, protini ya damu inayopimwa hasa kwa saratani ya ovari, ilikuwa 940, kikomo kikiwa 35. Namba hiyo ilileta hofu ya saratani ya ovari wodini, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini CA-125 hupanda pia kwa adenomiosisi, kwa hedhi yenyewe, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho Uganda hakipaswi kusahauliwa. Ovari zilikuwa za kawaida, hakukuwa na maji tumboni, picha ya kifua ilikuwa safi.

Kwa nini damu iliganda

Utando wa mji wa mimba umejaa protini inayoitwa tishu fakta, ambayo ndiyo kiberiti cha kuwasha mgando. Bila hiyo hedhi isingekatika. Ukuta wa sentimita 5 uliojaa tezi za namna hiyo, ukivuja na kujeruhiwa ndani kwa ndani siku mbili tatu mfululizo, hupenyeza kiberiti hicho kwenye vena. CA-125 nayo ni protini kubwa nzito yenye sukari nyingi, na inadhaniwa kuchangia kuamsha chembe za damu, jinsi protini za aina yake zinavyofanya kwa wagonjwa wa saratani wanaopata mabonge. Upungufu wa chuma peke yake umehusishwa na viharusi vya vijana na mabonge ya vena. Ongeza estrojeni ya vidonge. Vyote vilifikia kilele siku moja, ya pili au ya tatu ya hedhi, ndiyo maana tarehe ile juu ya faili ilikuwa na thamani ya kipimo.

Ripoti za viharusi hivi zilizochapishwa ni chache, nyingi zimetoka Japani na China, na zinafanana kwa mengi: mwanamke aliye hedhini au aliyetoka hedhini, himoglobini ya chini, CA-125 na D-dima za juu, madoa zaidi ya moja ubongoni. Zinafanana pia katika jambo linalopaswa kutisha: kwa baadhi yao, hedhi iliporudi na kiharusi kilirudi.

Kuna matatizo mengine adimu ya ugonjwa huu ambayo anayeshughulika na wanawake vijana anapaswa kuyajua. Sehemu ya ukuta inaweza kukosa damu ikafa, mgonjwa akaja na maumivu yasiyopoa na homa bila maambukizi. Usaha unaweza kujikusanya ndani ya ukuta, hasa baada ya chombo kuingizwa. Mgando unaweza kuzidi hadi vitu vya kugandisha vikaisha kabisa, damu ikatoka fizi na puani. Na mji wa mimba uliowahi kukatwa adenomiosisi unaweza kupasuka katika ujauzito, wakati mwingine kabla uchungu haujaanza.

Mtanziko wa tiba

Hapa pana mgonjwa anayehitaji dawa ya kuzuia damu isigande huku damu inamtoka na himoglobini ni 4.8. Kila upande wa wodi una woga wake. Wa ubongo wanataka aspirini au heparini leo. Wa wanawake wanataka damu ikatike kwanza. Mpangilio ndio unaotatua: funga bomba, jaza tangi polepole, kisha zuia mgando.

Vidonge vya uzazi wa mpango na traneksamiki asidi vilisimamishwa saa ile ile. Norethisteroni, ambayo iko karibu kila duka la dawa na ndiyo mkono wa kwanza unakoelekea, iliwekwa kando pia, kwa sababu ambayo si wengi wanaoijua: mwili hugeuza sehemu yake kuwa ethinilestradioli. Kwa miligramu 10 hadi 20 kwa siku, kipimo cha kukatisha damu, mgonjwa hupata estrojeni inayokaribia ile ya kidonge cha uzazi wa mpango, mikrogramu 20 hadi 30. Badala yake alipewa medroksiprojesteroni miligramu 10 mara tatu kwa siku, ambayo haigeuki hivyo. Nayo si dawa isiyo na hatari, ilitumika kwa siku chache zenye hesabu.

Homoni huchukua siku moja mbili kufanya kazi. Kwa saa hizo za kati ilitumika katheta ya Foli: mpira wa mkojo uliopitishwa kwenye mlango wa uzazi kwa usafi wa chumba cha upasuaji, puto likajazwa maji safi mililita 5 kwa mara moja hadi damu ilipokatika, kwake ikawa mililita 20, lisizidi 30. Liliachwa saa 18 akiwa na dawa ya maumivu na antibayotiki, kisha likapunguzwa nusu, likasubiriwa saa mbili, likatolewa. Kinachoharibika hapa ni kujaza puto lote kwa mkupuo (maumivu, mshtuko, na puto kutoka lenyewe), au kulisahau hadi siku ya tatu likaleta maambukizi kwenye ukuta ambao tayari una vifuko vya damu iliyotuama.

Damu aliyoongezewa ilikuwa painti tatu za chembe nyekundu, kila moja kwa saa nne, ndani ya saa 48. Ndugu waliona ni uchoyo. Lakini moyo uliozoea himoglobini ya 5 kwa miaka ukijazwa ghafla hushindwa, mapafu yakajaa maji. Na kuna hatari nyingine inayojulikana kwa wanawake wenye upungufu wa muda mrefu wa hedhi nzito: himoglobini ikipandishwa kwa kasi, mishipa ya ubongo hubana au ubongo huvimba, wakapata kichwa kikali, degedege na kupoteza kuona siku chache baada ya damu. Kwa mtu ambaye ubongo wake umeshajeruhiwa, hilo halijaribiwi. Kila painti ilifuatiwa na kusikiliza mapafu na kupima presha. Lengo lilikuwa 7 hadi 8, si 12. Alifika 7.6.

Saa ya 36, damu ya hedhi ikiwa imekatika na painti ya pili imekwisha, alianza enoksaparini, aina ya heparini, miligramu 40 mara moja kwa siku, kipimo cha kinga. Siku ya nne CT ilirudiwa. Doa halikuwa limegeuka kuwa damu. Ndipo kipimo kikapandishwa hadi miligramu 1 kwa kilo kila saa 12: ana kilo 52, sawa na miligramu 50. Heparini ilichaguliwa badala ya vidonge kwa sababu mgando unaofanana na ule wa saratani huitii heparini vizuri kuliko wafarini, na kwa sababu ikibidi kusimamishwa huisha mwilini ndani ya siku. Sindano hizo ndugu huzinunua nje mara nyingi, kwa hiyo siku ya kwanza walipewa hesabu ya sindano zote za wiki mbili. Wasipojua, sindano ya tisa haitanunuliwa.

Chuma kilihesabiwa, hakikukisiwa: kilo 52, mara pengo la himoglobini kati ya 7.6 na 13, yaani 5.4, mara 2.4, jumlisha 500 za akiba. Jibu ni miligramu 1,174. Alipewa chuma-sukrosi ya mshipani miligramu 200 kwa mara, mara sita, siku moja ndani moja nje. Vidonge vya chuma peke yake vingechukua miezi, na hedhi nyingine ingewahi kufika.

Uamuzi uliobaki

Hedhi nyingine isifike: hilo ndilo lililokuwa lengo la mwezi wa kwanza. Dienogesti miligramu 2 kwa siku ni dawa nzuri ya adenomiosisi, ila kwa mji wa mimba mkubwa wenye upungufu mkali wa damu inajulikana kuleta mvujo mzito usiotabirika, kwa hiyo haikuanza. Ilichaguliwa sindano ya goserelini miligramu 3.6 kila siku 28, dawa ambayo wengi wanaijua kwa saratani ya tezi dume na ya matiti. Mtego wake ni wiki mbili za mwanzo: kabla ya kuzima ovari huzichochea, na damu inaweza kurudi kwa nguvu. Medroksiprojesteroni iliendelea hadi wiki ya tatu kufunika kipindi hicho. Wiki hiyo ya tatu D-dima ilikuwa 0.9, na CA-125 ilikuwa imeshuka hadi 260. Alisema "mama" siku ya sita; kufikia wiki ya tano aliweza kuhesabu noti kwa mkono wa kulia, polepole.

Sindano hiyo haipewi zaidi ya miezi sita bila kulinda mifupa, na homoni ya kuirudishia mifupa ni estrojeni, ambayo kwake imefungwa. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili mazungumzo yalipaswa kuanza, na yalianza, akiwepo yeye, mumewe na mama yake. Kutoa mji wa mimba ndiyo tiba inayoondoa chanzo. Ana miaka 28 na mtoto mmoja, anataka mwingine. Kukata sehemu yenye ugonjwa tu na kuacha mji wa mimba kunawezekana kwa mkono wenye uzoefu, kwa gharama ya kovu linaloweza kupasuka mimbani. Akishika mimba itabidi asubiri kwanza kovu likomae, ajifungue kwa upasuaji wa kupangwa, na achomwe heparini ya kinga muda wote wa ujauzito na wiki sita baadaye. Njia ya tatu ni kitanzi chenye homoni ya levonojestreli cha miligramu 52, baada ya sindano kuupunguza mji wa mimba. Kitanzi hicho kikiwekwa kwenye mji wa mimba wa sentimita 14 hutoka chenyewe mara nyingi. Ukishuka hadi 9 au 10 hukaa. Kinaruhusiwa kwa aliyepata kiharusi. Ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, inayopendwa sana vijijini, kwa aliyepata kiharusi haishauriwi. Kitanzi cha shaba ni salama kwa ubongo lakini kitamrudishia mafuriko.

Alichagua kitanzi cha homoni mwezi wa sita, heparini ibadilishwe kuwa aspirini miligramu 75 hapo D-dima ikibaki ya kawaida mara mbili mfululizo, na shauri la mtoto lifunguliwe tena baada ya mwaka. Ikiwa D-dima itapanda tena hedhi ikirudi, alikubali mwenyewe, mbele ya mumewe, kwamba mji wa mimba utolewe. Mume alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mtoto tunaye. Mama yake ndiye hatuna mwingine." Vipimo vya kingamwili zinazogandisha damu vilipangwa kurudiwa baada ya wiki 12, kwa kuwa jibu la mara moja halitoshi na ugonjwa huo ungebadilisha dawa maisha yake yote.

Rekodi za mgonjwa wa nje Uganda hukaa kwenye daftari la shule analolinunua mwenyewe, na daftari hilo ndilo kituo cha afya cha daraja la III kitakalosoma usiku wa saa nane, wala hakitasoma faili la hospitali ya rufaa. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari lake uliandikwa kwa herufi kubwa:

"ALIPATA KIHARUSI AKIWA HEDHINI. ANA ADENOMIOSISI, SI FIBROIDI. ASIPEWE: vidonge vyenye estrojeni, traneksamiki asidi, norethisteroni. Akianza kuvuja: pima himoglobini na ujauzito, fungua njia ya mshipani, piga simu hospitali ya rufaa kabla ya dawa yoyote ya kukatisha damu. Ganzi, mdomo kupinda, maneno kupotea, kuona giza, hata kwa dakika tano: aletwe saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi. Sindano inayofuata: siku ya 28."

Chini yake yameandikwa maneno yale yale kwa Kilugbara. Mama ndiye aliyeomba, kwa kuwa yeye huenda sokoni kabla jua halijatoka, na anayebaki nyumbani ni shangazi ambaye Kiswahili hasomi.